Hasara ya Nyumba ya Kupangisha Huingia Kabla ya Mpangaji

(Hotuba kwa watumishi wa umma wanaokaribia kustaafu, Dar es Salaam)

Ndugu Mwenyekiti, itifaki imezingatiwa. Kaka zangu na dada zangu, hasa ninyi ambao barua ya kustaafu mmeshaishika mkononi, habari za asubuhi.

Waandaaji wa semina hii waliniomba nizungumzie faida za nyumba za kupangisha. Niliwajibu kwamba faida mtaisikia bure kwa kila dalali, kwa kila fundi na kwa kila shemeji mwenye kiwanja cha kuuza, tena wiki ileile mtakayolipwa. Mimi nitazungumzia hasara: inatoka wapi, inahesabiwaje, na ikishaingia inazuiwaje isiendelee kula.

Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kushika vitabu vya hesabu vya wenye nyumba, na wengi wao ni wastaafu. Wakija ofisini huwa wanamlalamikia mpangaji. Halipi, kavunja sinki, kahama usiku. Nikifungua daftari naona jambo jingine. Hasara kubwa ilikwisha kuingia kwenye nyumba ile siku kiwanja kiliponunuliwa, au siku fundi alipoandika makadirio kwenye karatasi ya daftari la shule. Mpangaji aliikuta ndani, akaongeza kidogo tu.

Tuanze na fedha yenyewe. Mnajua kikokotoo, yaani kanuni ya kupigia hesabu mafao ya kustaafu, kilivyokwenda. Mwaka 2022 mkupuo, yaani sehemu ya mafao inayolipwa kwa pamoja ukistaafu, ukawa asilimia 33 kwa wote, kisha kwenye bajeti ya Juni 2024 Serikali ikaupandisha hadi 40 kwa kundi lililokuwa likipokea 50 zamani, na 35 kwa kundi lililokuwa likipokea 25. Sitaki kuingia kwenye ubishi wa kikokotoo, maana tutakesha hapa. Ninachotaka mkishike ni kwamba mkupuo unakuja mara moja. Kijana wa miaka 30 akitapeliwa kiwanja, ana mishahara ya miaka 30 mbele yake ya kujirudishia. Wewe wa miaka 60 huna. Tapeli ni yuleyule na kiwanja ni kilekile, lakini hasara zenu hazilingani hata kidogo.

Ndiyo maana kabla ya kuuliza ujenge wapi, jiulize kiasi gani kibaki nje ya nyumba. Ushauri wangu, na wapo watakaobisha, ni huu: matumizi ya nyumbani kwako ya mwaka mzima yasiguswe, na juu yake tenga fedha sawa na pango la miezi sita ya nyumba unayotaka kujenga. Iweke mahali inapotoka haraka, kwa mfano kwenye akaunti ya akiba au kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja kama ile ya UTT AMIS. Kama ukishatoa kiasi hicho fedha iliyobaki haitoshi nyumba ya vyumba sita, jenga ya vyumba vitatu. Nyumba ya vyumba vitatu yenye fedha ya akiba ina nguvu kuliko ya vyumba sita ambayo mwenyewe anakopa jirani kununua bomba.

Sasa chukueni kalamu. Hesabu ndiyo roho ya mazungumzo haya, na ninaomba mnivumilie.

Tuseme umenunua kiwanja kwa milioni 20, umejenga kwa milioni 80. Jumla milioni 100. Una vyumba sita, kila kimoja na choo chake ndani, vile mtaani tunaviita masta. Kila kimoja kinapangishwa kwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Sita mara laki moja na nusu ni 900,000. Hapo ndipo watu wengi wanapofunga daftari. Wanasema, "Nitakuwa napata laki tisa kila mwezi, milioni 10 na laki nane kwa mwaka." Mtu anaanza kuipangia matumizi laki tisa ambayo hajaiona na ambayo, nawaambia kwa upole, hataiona.

Kwanza, hakuna chumba kinachokaliwa miezi kumi na miwili kila mwaka. Mtu anahama, unapiga rangi, unatengeneza kitasa, dalali anatafuta mwingine. Hesabu mwezi mmoja mtupu kwa kila chumba. Hiyo ni 900,000 imeondoka. Pili, katika wapangaji sita, weka mmoja atakayeondoka na deni la miezi miwili. Sisemi kwamba ni watu wabaya. Mtu anafukuzwa kazi, mtu anauguza. Hiyo ni 300,000. Umebaki na milioni 9 na laki sita zilizoingia mkononi kweli. Tatu, kodi ya zuio kwenye pango kwa mkazi ni asilimia 10. Hiyo ni 960,000, unabaki na milioni 8 na 640,000.

Nne, matengenezo, na hapa ndipo wastaafu wanapojidanganya kuliko mahali pengine. Nyumba mpya mwaka wa kwanza haikudai kitu, wa pili haikudai kitu, mwenye nyumba akaona matengenezo ni hadithi. Mwaka wa sita paa linavuja, shimo la choo limejaa, mabomba yameziba, milango ya mbao laini imeoza chini. Vyote vinakuja msimu mmoja, maana vyote vilifungwa msimu mmoja. Tenga angalau asilimia moja ya gharama ya jengo kila mwaka, hata mwaka ambao hakuna kilichoharibika. Kwa jengo la milioni 80 hiyo ni 800,000. Unabaki na milioni 7 na 840,000.

Tano, usafi, taa za nje, gari la kunyonya majitaka, kijana wa kufungua geti. Nimeweka 40,000 tu kwa mwezi, na nimebana sana. Ni 480,000 kwa mwaka. Kodi ya jengo siku hizi inakatwa kwenye LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na kuna pango la ardhi pia. Vyote viwili viwekee 60,000. Mwisho wa mstari unasoma milioni 7 na laki tatu.

Gawanya kwa miezi kumi na miwili. Ni kama laki sita na elfu nane. Ulipangia laki tisa. Karibu theluthi nzima imeondoka, na hakuna aliyekuibia, hakuna mafuriko, hakuna kesi. Huo ni mwaka mzuri.

Milioni 7 na laki tatu juu ya milioni 100 ni asilimia 7.3. Hati fungani ya Serikali, yaani fedha unayoikopesha Serikali kwa riba, ile ya miaka 25 ilipoanza kutolewa mwaka 2021 ililipa riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka, na mwaka uliofuata matoleo mapya yakashushwa hadi 12.56. Unaweza kuanza na shilingi milioni moja, riba inaingia mara mbili kwa mwaka, na hati fungani haizibi choo. Ila tuwe wakweli kwa pande zote. Milioni 100 ya hati fungani miaka 25 baadaye inarudi ikiwa milioni 100 ileile, na bei ya mchele haitakuwa ileile. Ardhi nzuri hupanda, na pango hupanda nayo. Kwa hiyo siwakatazi nyumba. Nawakataza kuilinganisha nyumba na ndoto ya laki tisa wakati ilipaswa kulinganishwa na njia nyingine za fedha hiyohiyo. Wengi wa wateja wangu waliotulia usiku wana vyote viwili: vyumba vichache, na hati fungani kidogo Benki Kuu.

Hiyo hesabu yote inasimama juu ya jambo moja, kwamba kiwanja ni chako na kitaendelea kuwa chako.

Wakazi wa Kimara hadi Kiluvya hawahitaji kuelezwa. Mwaka 2017 nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro zilibomolewa kupisha upanuzi. Hifadhi pale ilihesabiwa mita 121.5 kila upande kutoka katikati ya barabara, upana ambao mtu akisimama barazani kwake hawezi kuukisia. Zilikwenda nyumba za kuishi, fremu za maduka, gesti, vyumba vya wapangaji. Kwa mwenye nyumba ya kupangisha hasara ile haina mfano: mali imekwenda, pato limekwenda siku ileile, na wapangaji wanadai sehemu ya pango walilolipa mbele.

Kisha kuna Bonde la Msimbazi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu jijini hapa, na mwishoni mwa 2015 ukaja ubomoaji Mkwajuni na maeneo jirani. Jangwani hata karakana ya mabasi yaendayo haraka imekuwa ikifunikwa na maji mvua zikizidi. Na bado ukienda bondeni kiangazi utakuta mtu anaoneshwa kiwanja, bei nzuri, dakika kumi kutoka Kariakoo.

Jambo la kujifunza hapa ni la kiofisi kabisa. Umeme kuunganishwa hakuthibitishi umiliki. Maji vilevile. Kulipa kodi ya jengo vilevile. Muhuri wa serikali ya mtaa kwenye karatasi ya mauziano unaonesha kwamba watu fulani walikaa mbele ya mwenyekiti wakakubaliana. Hauoneshi kwamba muuzaji alikuwa na haki ya kuuza. Nenda ofisi ya ardhi ufanye upekuzi rasmi wa hati hiyo. Nenda mipango miji uulize eneo limepangiwa nini. Uliza wakala wa barabara, TANROADS au TARURA, mpaka wa hifadhi unapita wapi. Kisha, na hili halina ofisi, nenda kiwanjani siku mvua kubwa imenyesha. Usimwambie dalali kwamba unakwenda.

Na kama muuzaji ana mke au mume, mwenzi huyo atie sahihi. Sheria ya Ardhi ya 1999 inalinda haki ya wanandoa kwenye ardhi na makazi yao, na kesi za "mimi sikuridhia" zimewaliza wanunuzi wengi waliokuwa na risiti zote mkononi. Kwako nyumbani sheria ni hiyohiyo. Usiweke rehani nyumba mnayoishi kwa siri, ukidhani utamshangaza mama kwa zawadi ya apatimenti.

Kuna hatari ambazo hata upekuzi hauzioni. Wazee wa mjini hapa wanakumbuka Aprili 1971, ilipopitishwa sheria ya kutwaa majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambayo wenyewe walikuwa wameyapangisha. Yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakaingia Shirika la Nyumba la Taifa. Sisemi kwamba itarudi. Nasema tu kwamba kila mwenye nyumba duniani anaishi chini ya sera, na sera haikuombi ruhusa. Aliyekuwa na nyumba peke yake alibaki na barua. Aliyekuwa na biashara nyingine pembeni aliendelea kula.

Tukishapata kiwanja salama tunakutana na fundi.

Pitieni Chanika, Bunju au Kigamboni mhesabu maboma. Kila boma ni akiba ya mtu iliyosimama juani bila bati. Milioni 30 imelala kwenye tofali, hailipi pango, haiuziki kwa bei iliyoingia, na nondo zinapata kutu. Chanzo chake ni kuanza na nyumba nzima kwa fedha ya nusu nyumba. Makadirio ya fundi husimama kwenye lenta. Kupaua, madirisha, plasta, umeme, maji na choo ndivyo vinavyokula, na ndivyo asivyovitaja kwa sababu anataka kazi ianze. Tafuta mkadiriaji majenzi umlipe. Chora ramani ya vyumba sita ukitaka, chukua kibali cha ujenzi cha vyumba sita, lakini maliza viwili mpaka funguo, uviingize wapangaji, ndipo uendelee na vingine. Vyumba viwili vinavyolipa vinasaidia kupaua cha tatu. Maboma sita hayasaidii kitu.

Hapo katikati ndipo mkopo unapokuja kubisha hodi. Riba za mikopo ya nyumba kwenye mabenki yetu zimekuwa zikicheza kati ya asilimia 15 na 19. Chukua mfano wetu. Umekwama, unakopa milioni 40 kwa asilimia 18, miaka mitano. Rejesho la mwezi ni kama shilingi 1,016,000. Nyumba nzima, ikijaa, hakuna anayedaiwa, inaingiza laki tisa. Maana yake kila mwezi unachukua pensheni yako kuilisha nyumba ambayo uliijenga ili ikulishe wewe. Kwa miaka mitano utarudisha karibu milioni 61. Mkopo wa nyumba una mahali pake kwa mtu mwenye mshahara na miaka mingi ya kulipa. Kwa mstaafu anayetegemea pango lilipe rejesho, kwa viwango hivi, nasema hapana, na ninasema nikijua baadhi ya wadhamini wa semina hii wanatoka benki.

(Makofi na kicheko. Mwenyekiti anaomba utulivu.)

Ahsanteni. Nilidhani nitatolewa nje.

Tuseme sasa nyumba imekamilika, haina deni. Nani atakaa? Watu hujenga wakifuata harufu ya wapangaji wa aina moja: karibu na chuo, karibu na kiwanda, karibu na wizara. Inaleta fedha haraka, na inaondoka haraka. Aprili 2017 zilifunguliwa hosteli mpya za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zenye nafasi 3,840. Hilo lilikuwa jambo jema kwa watoto wetu, lakini kama ulikuwa umekopa ujenge hosteli ya binafsi karibu na chuo, mshindani wako mpya alikuwa Serikali. Machi 2020 vyuo vyote vilifungwa kwa ajili ya korona hadi Juni mosi. Mwenye hosteli hakuwa na mpangaji hata mmoja, kwa sababu wote walikuwa kundi moja na waliondoka kwa tangazo moja. Na Julai 2016 ilipotangazwa kwamba Serikali inahamia Dodoma kweli safari hii, wenye nyumba wa Dar waliozoea maofisa wa wizara walitakiwa kuanza kupiga hesabu upya, huku wa Dodoma wakipandisha bei.

Mkiweza, changanyeni. Vyumba viwili vya mtu mmoja mmoja, kimoja cha familia, fremu moja ya duka mbele. Pango la fremu likiyumba, la familia huwa linasimama; familia zenye watoto shuleni hazihami ovyo. Mimi binafsi ningempunguzia mama mwenye watoto watatu shule ya jirani elfu kumi kila mwezi ili akae miaka sita, kuliko kubadilisha vijana kila baada ya miezi sita. Angalieni pia masilahi ya dalali. Mpangaji akiingia, dalali anachukua pango la mwezi mmoja kwake. Kwa hiyo mpangaji akihama wewe unapata hasara ya mwezi na dalali anapata mwezi. Ni mtu wa msaada, lakini usimwachie achague.

Kuhusu mkataba. Zamani kulikuwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, ilifutwa 2005. Leo kinachowalinda mwenye nyumba na mpangaji kwa sehemu kubwa ni yale waliyoyaandika. Na wameandika nini? Karatasi ya kununua dukani kwa shilingi 500, nafasi za kujaza, sahihi mbili. Mkataba useme pango linalipwa lini, nani anatengeneza nini, notisi ni ya siku ngapi, hali ya chumba ilikuwaje siku ya kuingia, na ikiwezekana picha ziambatishwe. Kisha ulipiwe ushuru wa stempu. Watu wanaona ushuru huo ni usumbufu wa TRA, lakini mkataba usiolipiwa stempu haupokelewi kuwa ushahidi mpaka ulipiwe, na siku ya kuuhitaji ni siku ambayo umeshavurugwa tayari. Mgogoro ukikua, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Usiende na panga. Mwenye nyumba anayeng'oa bati au kumtolea mpangaji vyombo nje bila amri anahamisha kesi: alikuwa anadai laki tatu, kesho anadaiwa televisheni, godoro na fidia.

Sasa hili la miezi sita au mwaka mzima mbele. Kila mwenye nyumba analipenda, nami nalielewa, linapunguza usumbufu wa kugonga milango. Lakini siku ile mpangaji anapokupa milioni 1 na laki nane ya mwaka mzima, fedha yako humo ni laki moja na nusu tu. Iliyobaki ni deni: wewe humdai kitu, yeye anakudai miezi kumi na moja ya kuishi. Mzee anaipokea Januari, analipa ada za wajukuu, Machi pampu ya kisima inaungua na hakuna hata shilingi ya kuitengeneza, na wapangaji wote wamelipa mpaka Desemba. Utawaambia nini? Ukipokea ya mbele, ihamishie kwenye akaunti ya pekee, kisha jilipe kila mwezi sehemu ya mwezi huo. Kwa mtu aliyepokea mshahara miaka 35, utaratibu huo si mgeni.

Niingie kwenye hasara iliyokwisha kutokea, maana humu ndani wapo wenye nyumba tayari na naona wanasubiri.

Chumba kikikaa kitupu, wenye nyumba wengi hukataa kushusha bei kwa sababu ya heshima. "Chumba changu ni laki moja na nusu, siwezi kushusha." Pigeni hesabu. Kikikaa kitupu miezi mitatu ukisubiri laki moja na nusu, umepoteza 450,000. Ukimpa mtu leo kwa 130,000, kwa mwaka mzima umepoteza 240,000. Heshima imekugharimu 210,000. Mwezi wa kwanza subiri. Mwezi wa pili ukianza bila mtu, shusha.

Mpangaji akidaiwa, siku ya kumi mpigie simu, usisubiri mwezi wa tatu. Wenye nyumba wapole ndio wanaopoteza zaidi, kwa sababu deni la mwezi mmoja linalipika na la miezi minne halilipiki. Mtu akifika miezi minne anaanza kufikiria kuhama usiku. Mtu aliyeshindwa kabisa, mwandikieni makubaliano: aondoke ndani ya siku kumi na nne, umsamehe mwezi mmoja, iliyobaki alipe kidogo kidogo. Najua inauma kumsamehe mtu fedha yako. Lakini chumba kilichorudi mikononi kinapangishwa kesho, na kesi inaweza kula mwaka.

Kuna wanaouliza kuhusu bima. Bima ya moto kwa nyumba ni ndogo kuliko mnavyodhani, ombeni bei kwa kampuni mbili tatu zilizosajiliwa TIRA, mamlaka ya bima. Soma kama mafuriko yamo, na kama kupotea kwa pango wakati wa kujenga upya kumo. Mara nyingi havimo mpaka uviombe.

Na mkusanyaji wa pango. Kijana wa nyumbani, mpwa, mtoto wa mwisho ambaye hana kazi. Simsingizii mtu. Ila pango lilipwe benki au kwa simu moja kwa moja kwenye namba yako, na kijana alipwe posho yake waziwazi. Kila kinachoingia na kila kinachotoka kiandikwe. Wahenga walikwisha kusema mali bila daftari hupotea bila habari. Risiti za saruji, nondo, bati na fundi zitunzeni hata baada ya nyumba kuisha. Siku ukiuza utatakiwa kulipa kodi kwenye ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi, na bila risiti utashindwa kuonesha kwamba milioni 80 kweli zilizama pale chini. Daftari hilohilo ndilo litakalowasaidia warithi, maana nyumba ya kupangisha isiyo na wosia huwa inapangishwa na ndugu watatu kwa wakati mmoja.

Mwisho kuna nyumba za kuuza. Ndiyo, zipo. Nyumba inayokuletea asilimia mbili baada ya kutoa kila kitu, iko mbali, wewe magoti hayakubali tena kupanda daladala kwenda kuikagua. Watu hawaiuzi kwa sababu ya jasho lililoingia. Jasho halirudi hata ukibaki nayo. Jiulize tu: ningekuwa na fedha hii mkononi leo, ningeinunua nyumba hii kwa bei hii? Kama jibu ni hapana na umelitafakari wiki kadhaa, mwite mthamini aliyesajiliwa akupe bei, usimwite dalali kwanza.

Nimeandika ile hesabu ya vyumba sita kwenye karatasi, zipo mezani pale mlangoni, upande wa pili nimeacha mistari mitupu mjaze namba zenu wenyewe. Ndugu Mwenyekiti, kuna dada mstari wa pili ameinua mkono tangu nilipotaja sahihi ya mwenzi. Naomba tuanze na swali lake.